Mashine ya Mustafa na Eda ya Mwanahamisi

Watu wa mtaa wetu wa Chikongola, hapa Mtwara, wakimtaja Mwanahamisi huanzia pale alipofiwa na mume, kana kwamba kabla ya hapo hakuwa mtu. Mimi shoga yake naanza na vidole vyake. Alikuwa anachapa bila kutazama herufi, huku anakugombeza kwamba umechelewa kuleta karatasi zako, na karatasi ikitoka haina kosa hata moja. Kadi za harusi, barua za kuomba kazi, mitihani ya shule, vyote vilipita mikononi mwake. Nyumba yetu na yao zilitenganishwa na ukuta mmoja tu, kwa hiyo najua ninachokisema.

Mumewe, Mustafa, alikuwa karani wa ghala kabla hajajifundisha kompyuta kwa vitabu vya kuazima. Mtaani walimwita Injinia, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Ukipita na redio yako mbovu, mtu anakwambia mpelekee Injinia akakuzikie. Mustafa alicheka nao, lakini kwa miaka yote ile hakuruhusu mkono wa fundi mwingine uguse mashine yake. Mwaka 2004, kazi za kuhariri video za harusi zilipomzidi, mashine ikawa inajikokota. Akaagiza prosesa mpya, ule ubongo wa kompyuta, kutoka Dar es Salaam, akaifunga mwenyewe, Mwanahamisi akimshikia tochi. Siku chache baadaye homa ikamlaza, na hakuinuka tena. Hakupata hata nafasi ya kutamba na ile prosesa.

Mwanahamisi akaingia eda. Miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hakuna manukato, hakuna kutoka nje, hakuna kuonwa na mwanamume asiye maharimu. Chumba cha mbele kilichokuwa ofisi yao kilitandikwa mikeka ya wafiwa, na kompyuta ikahamishiwa chumbani kwake, ikabanwa kati ya kabati na ukuta. Dirisha la chumba hicho linatazama barabara, kwa hiyo lilifungwa na kuwekewa pazia zito. Nilikuwa nikiingia mle kumpelekea uji, natoka nimelowa jasho, yeye anabaki. Nilimwonea huruma, na huruma yenyewe ilinitia hasira.

Aliyewekwa kukaa naye ni Bi Sharifa, mama mdogo wa mama yake, bibi mwenye sheria nyingi kuliko serikali. Kioo cha kabati alikifunika siku ya kwanza. Redio akaifunika. Alipoona kompyuta ina taa ndogo ya kijani inayopepesa, akatoa kanga mbili nzito, akalivika lile kasha lote, mbele na nyuma, akalifunga kibwebwe, na juu akatandaza kitambaa cha kufuma.

"Bibi, hiyo nayo umeiozesha?" nilimuuliza.

"We ntoto nyamaza," akasema. "Kitu cha marehemu hakikai uchi katika nyumba ya msiba. Na hilo lijicho lake silipendi."

Skrini aliiacha wazi kwa sababu Mwanahamisi alikuwa bado anachapa. Eda haimkatazi mtu riziki ya ndani ya nyumba. Mimi ndiye niliyepokea karatasi za watu barazani na kuzirudisha zikiwa tayari. Na kila nyumba ya Mtwara ninayoijua, televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, hata jokofu lina kilemba chake, kwa hiyo hakuna aliyeitazama ile kanga mara mbili.

Sasa nimtaje Salumu, kaka mkubwa wa marehemu, na nitajitahidi nisimtukane. Hakuwa mtu mbaya. Alileta mchele, akalipia khitma, alikuja kila Ijumaa kutoka Naliendele, nje ya mji, na pikapu yake kuuliza shemeji anahitaji nini, kisha akajijibu mwenyewe. Nyumba ilikuwa ya baba yao. Alikwisha amua kwamba eda ikiisha, Mwanahamisi atahamia kwake Naliendele, akae na wake zake wawili, na baadaye, Mungu akipenda, amwoe. Alilisema hilo kwa upole mkubwa, kama mtu anayekuchagulia kiti. Wema wake ulikuwa na kufuli, na ufunguo alitembea nao yeye.

Mimi na Mwanahamisi tulikuwa na mpango mwingine. Nina chumba cha mbele, kitupu. Eda ikiisha angeweka kompyuta pale, angechapa, angehariri video, na angeishi kwangu mpaka apate kwake. Lakini bila ile mashine hakukuwa na mpango. Mwanamke wa kuchapa asiye na mashine atachapa nini, unga?

Marehemu hakuacha mtoto, kwa hiyo mke ana robo yake na kaka ana iliyobaki. Salumu aliipanga robo hiyo kabla hata Shehe hajaitwa: kitanda, kabati, vyombo. Kompyuta ilikuwa na thamani kubwa kuliko robo, ikauzwe. Mnunuzi alikwisha patikana, Paulo, karani wa kampuni moja iliyonunua korosho, na msimu ulikuwa umeanza, walihitaji mashine haraka. Lakini Paulo hakuwa mtu wa kununua kwa maneno. Alileta sidii yenye programu ya kupima kasi. Unaiweka, mashine inajihangaisha kwa muda, mwisho inakupa alama. Alikuwa pia na karatasi inayoonyesha prosesa gani inatakiwa ipate alama ngapi. Ile ya Mustafa ilitakiwa ipate elfu tatu na kidogo.

Salumu mwenyewe alikuwa ameamuru kwamba kitu chochote cha marehemu kisitoke chumbani kabla ya kugawiwa mirathi, asije mtu akabadilisha vya ndani. Na Bi Sharifa alikuwa ameapa kwamba chumba cha eda hakiingii mwanamume. Amri hizo mbili zilipokutana, Paulo alibaki kusimama ukumbini kama mgonjwa anayesubiri dawa. Mimi nikapokea sidii, nikaipitisha kwenye pazia la mlango, Mwanahamisi akaiweka, akasoma jibu kwa sauti.

"Elfu moja na mia nne."

Paulo akatazama karatasi yake. Hata prosesa ya zamani, ile aliyoitoa Mustafa, ilitakiwa ipate zaidi ya hapo. Akauliza kwa adabu kama amesikia vizuri. Mwanahamisi akarudia kupima, zikaja pungufu ya zile za kwanza.

Ndipo Salumu alipomleta Faraji, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na soko. Faraji alikuwa na sauti nzito na subira, na alipewa kigoda ukumbini, kwenye upande wake wa pazia. Sijawahi kuona utabibu wa namna ile. Yeye anauliza, Mwanahamisi anashika, mimi nashikilia taa. Kwanza alishuku umeme. Wakati ule umeme wetu wa majenereta ulikuwa unakuja na kwenda kama mgeni mwenye haya, kwa hiyo akaleta stabilaiza yake ya kutuliza umeme. Alama hazikusogea. Akashuku virusi, akapitisha sidii ya kusafisha, ikachukua asubuhi nzima, virusi vikapatikana na kuuawa, alama zikabaki zilezile.

"Dada, sasa itabidi ufungue," akasema Faraji. "Bisibisi utaiweza?"

"Nilete," akasema Mwanahamisi.

Bi Sharifa akanung'unika kwamba nke wa eda anashika bisibisi, dunia imekwisha. Lakini alivua kanga zake mwenyewe, akazikunja, akakaa nazo mapajani. Mwanahamisi akafungua kasha. Akachomoa kadi za kumbukumbu, akazisugua meno kwa kifutio cha penseli kama alivyoelekezwa, akazirudisha. Akakandamiza kipozeo cha prosesa, kimekaa imara, hakitikisiki. Akawasha kasha likiwa wazi.

"Feni yake inazunguka?"

"Inazunguka."

"Ingia kwenye ule ukurasa wa kuwashia, nisomee joto."

Akamsomea. Faraji akasema joto ni la kawaida kabisa, hata zuri. Mwendo wa bodi, ule ubao unaobeba prosesa, nao ulikuwa sawasawa, tarakimu kwa tarakimu. Mwanahamisi akafunga kasha, na kabla hajamaliza kukaza skurubu ya mwisho Bi Sharifa alikwisha simama na kanga zake. Akalivika, akalifunga kibwebwe. Wakapima. Alama mbovu.

Mambo yakaenda hivyo wiki ile. Akifungua, kila kitu kizima. Akifunga na kupima, mashine inatambaa. Faraji akaishiwa maswali, na fundi akiishiwa maswali hutafuta mtu wa kumtwika. Nilimsikia ukumbini akimwambia Salumu, taratibu, kwamba marehemu alipigwa. Ama aliuziwa prosesa feki, ama aliiharibu wakati wa kuifunga, maana ile si kazi ya kujifunzia kitabuni.

"Nilimwambia," akasema Salumu. "Mdogo wangu alikuwa anavamia mambo, Mungu amrehemu."

Pazia la mlangoni si ukuta. Mwanahamisi alikuwa ameketi kitandani, mikono juu ya magoti, anasikia kila neno, na hawezi kutoka kuwajibu. Sikuwahi kumwona amefungwa namna ile. Alinitazama tu, macho makavu, nami nikatamani kwenda ukumbini kumwaga chai kichwani kwa mtu.

Chai niliimwaga kweli, lakini baadaye, na kwa bahati mbaya. Nilimletea kikombe, nikajikwaa kwenye waya, chai yote ikaenda kwenye kanga za kasha. Bi Sharifa akanipa maneno yangu, akazivua, akaenda nazo uani kuzifua. Mwanahamisi akaona mashine haikuingia maji, akaendelea kuchapa mtihani wa shule. Alipomaliza akaiweka tena ile sidii. Alikuwa anaipima kila siku siku hizo, kama mtu anayepapasa jino linalouma kwa ulimi. Nilikuwa nafuta sakafu nikasikia anacheka.

Katika chumba cha eda, anacheka! Akajiziba mdomo kwa mikono yote miwili, akanionyesha skrini kwa kidevu. Elfu tatu na mia moja.

Akapima tena. Elfu tatu na mia moja na kitu. Akaweka kiganja nyuma ya kasha, pale feni inapotolea hewa, akaniita nami nikaweka. Upepo wa moto ulikuwa unatoka vizuri, unaenda zake. Akasema, "Mustafa aliniambia hizi prosesa mpya zikizidiwa na joto hazifi. Zinajipunguzia mwendo zenyewe ili zisiungue. Latifa, kwa zile kanga tulikuwa tunaiziba pumzi."

Tulikuwa hatujamaliza kushangaa Bi Sharifa akaingia na kanga kavu, jua la Mtwara halina masihara. Akalivika kasha, akafunga kibwebwe. Mwanahamisi alisubiri kidogo, akapima. Elfu moja na mia tano.

Alipotoka bibi kwenda kutawadha nikamshika shoga yangu mkono. "Umeona Mungu alivyo?" nikamwambia. "Nyamaza. Mashine mbovu nani ataitaka? Paulo ataondoka, Salumu atakuachia ikujazie robo. Siku ya kutoka eda tunaibeba, tunaivua, unafanya kazi."

"Wanasema Mustafa hakujua kazi yake."

"Waache waseme! Mustafa yuko kaburini, hawasikii. Wewe ndiye utakayekwenda kupika zamu Naliendele na wake wenza wawili."

Hakujibu. Alikaa akitazama lile kasha lililofungwa kanga, na jasho likimtiririka shingoni ndani ya ile nguo nyeupe. Nikachukua ukimya wake kuwa ni kukubali. Kwa kawaida mimi si mjinga.

Siku ya mirathi Shehe alikaa ukumbini na Salumu, Paulo na Faraji. Sisi wanawake watatu tulikaa chumbani, nyuma ya pazia. Shehe, mzee mpole wa sauti ndogo, akasoma alichosoma, akaeleza mafungu. Kitanda kwa mke, kabati kwa mke, vyombo kwa mke. Pikipiki na jokofu kwa kaka. Wakafika kwenye kompyuta.

"Mimi samahani," akasema Paulo. "Kwa alama zile, wakubwa wangu hawawezi."

Salumu akavuta pumzi. Na kisha, wallahi, akasema maneno ambayo nilikuwa nimeyaombea: "Basi apewe shemeji, iwe juu ya robo yake. Mbovu hiyo, wakaichezee watoto wangu kule nyumbani. Sitaki kumnyima kitu."

Nilimbana Mwanahamisi paja kwa furaha. Imekwisha, ni yako. Shehe akauliza kama kuna mwenye neno. Kama wangefunga dua pale pale, haya yote ningeyasimulia kwa raha.

Lakini Faraji alikuwa mtu wa kazi, na mtu wa kazi hapendi kuondoka hajaeleza kwa nini ameshindwa. Akasema, kwa huruma kabisa, "Tusimlaumu sana marehemu. Alijitahidi. Ila kufunga prosesa kunataka fundi, na yeye, tuseme kweli, hakuwa fundi."

"Hakuwa," akasema Salumu. "Ndiyo maana walimwita Injinia."

Wakacheka kidogo, kicheko cha msibani, kisicho na ubaya. Hata Shehe nilimsikia.

Mwanahamisi akautoa mkono wangu kwenye paja lake. Nikamnong'oneza, "Usithubutu." Bi Sharifa, asiyejua lolote, akatutazama. Mwanahamisi akainuka, akaenda kwenye kasha, akafungua kibwebwe, akavua kanga ya kwanza, akavua ya pili. Akalivuta kasha kutoka pale lilipobanwa, likawa peke yake katikati ya chumba.

"Shehe," akasema, na sauti yake ilikuwa ileile ya kugombeza wanaochelewa na karatasi. "Naomba msiondoke. Faraji, hukuniuliza kama mashine imefunikwa. Imekuwa imefunikwa kanga mbili kila tulipopima. Sasa nimezivua. Subirini."

Niliinuka nikaenda kusimama dirishani, nikatazama pazia, maana hapakuwa na kingine cha kutazama. Programu ilihangaika muda wake. Bi Sharifa alikuwa ameshika kanga zake kifuani, anauliza kimyakimya amefanya nini. Kisha Mwanahamisi akasoma alama, elfu tatu na mia moja na ishirini, akazisoma mara mbili ili asiwepo wa kusema hakusikia.

Ukumbini wa kwanza kusema alikuwa Paulo, na alisema kilichomleta. "Tunainunua."

Shehe akaandika upya: mashine nzima ilizidi robo ya mke, ikarudi kwenye fungu la kaka. Faraji, sasa kwa kuwa imegawiwa na imeuzwa, akaruhusiwa kuitoa, na mimi ndiye niliyesaidiana na Bi Sharifa kuisukuma mpaka kwenye pazia. Mikono ya wanaume ikaipokea upande wa pili. Tukamsikia Faraji anafungua ubavu wa kasha. Kisha akasema, "Kazi safi hii. Dawa ya kupitisha joto imepakwa kiasi, kipozeo kimekaa sawa pande zote. Mimi mwenyewe nisingefunga vizuri zaidi. Shehe, marehemu alikuwa fundi."

"Alikuwa fundi," akasema Shehe.

Salumu akachelewa kidogo, lakini naye akasema. Mwanahamisi alikuwa amesimama karibu na pazia, uso umegusa kitambaa, anasikiliza. Tangu azike mume sikuwa nimemwona akilia, na siku ile alilia mpaka akakaa chini.

Sikumsemesha kwa siku kadhaa. Uji nilimpelekea, lakini nilimwekea mlangoni. Nilikuwa na hasira naye kuliko niliyowahi kuwa nayo kwa Salumu, kwa sababu Salumu alimfungia mlango asiojua kama anaufunga, na yeye aliuona mlango uko wazi akaurudisha kwa mkono wake. Kwenye kona ya kabati palibaki alama ya vumbi ya umbo la kasha, na waya mmoja. Siku za mwisho za eda hakuwa na cha kuchapa. Alikaa kitandani, vidole vinacheza juu ya shuka.

Siku ya kutoka eda akaoga, akavishwa nguo nyingine, akasomewa dua. Pikapu ya Salumu ilikuwa nje tangu asubuhi, kitanda na kabati vimekwisha pakiwa, vyombo vimefungwa kwenye magunia. Nikaingia kumuaga, na nilikuwa nimejiapiza sitauliza, nikauliza.

"Hujuti?"

"Najuta," akasema. "Kila siku. Kule nitakufa kwa kukaa, Latifa, nakijua kile kiwanja." Alikuwa anafunga mtandio wake, akaufunga vibaya, nikamfungia. "Lakini sikumzalia mtoto. Mtu aliyekufa bila mtoto amebaki na kile watu wanachomsema. Mimi nimsikie anachekwa, nina jibu mkononi, nilikalie?"

Nikamshika mkono tukaelekea mlangoni. Nje Salumu akapiga honi, mara moja tu, kwa adabu, akasubiri.